Kitenge Kisichofuliwa

Juzi nilipeleka mbwa wangu kwa daktari wa wanyama. Mbele yangu dada mmoja alifunua kikapu, na ndani nyoka wake mdogo amejikunja.

"Docta, iko naniogopa. Nikimugusa tu, anajificha."

Daktari hakumgusa nyoka. Alitazama kitenge begani mwa dada. "Usimubebe kwanza. Umuwekee hii kitenge, yenye haujafula. Akishazoea harufu yako, atakuja yeye mwenyewe."

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Tulipokuwa wadogo, kila Mama alipokwenda Kilwa kununua samaki, alituachia kitandani kitenge alichoshinda amevaa. Nilikuwa nasema ni cha kumtuliza mdogo wangu, kumbe mwenzangu alilala vizuri tu hata bila hicho.

Kile Mama alichoniachia mara ya mwisho bado ninacho. Harufu iliisha zamani, lakini sijakifua.