Ulimi wa Mpingo

Kaka yangu alinunua gari wakati bado tunaishi Kiwalani, kwenye nyumba ambayo ndege ikipita juu unanyamaza kwanza, ikienda unaendelea na maneno yako. Lilikuwa gari dogo jeupe, lililokwisha tumika huko Japani. Ukiliwasha, sauti ya mwanamke ilisema kitu kwa Kijapani, na mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Tulicheka sana.

Kilichomkera kaka ni mlio wa mkanda. Ukiondoka bila kufunga, gari lilianza taratibu, pi, pi, pi, halafu likazidisha hadi kichwa kiume. Kaka alikuwa fundi wa majokofu, mnene, mtu wa kupanda na kushuka garini kutwa nzima, mtaa huu na mtaa ule.

"Nifunge, nifungue, nifunge, nifungue," alikuwa akilalamika. "Kwani naenda Dodoma?"

Hakuwa peke yake. Kwetu mkanda ulikuwa wa safari ndefu, na wa trafiki. Ukimwona trafiki kwa mbali unauvuta na kuushikilia kifuani, ukishampita unauachia. Mie mwenyewe niliwahi kufunga mkanda kwenye teksi pale Temeke, dereva akanuna. "Vipi sista, huniamini?" Nikajikuta namwomba radhi.

Baba yetu alikuwa mchonga vinyago. Alikuja Dar kutoka Newala akiwa kijana, akakaa kwenye banda la wachongaji hadi mvi zikamtoka, vidole vikiwa vyeusi kwa vumbi la mpingo. Alitaka mwanawe wa kiume arithi patasi zake. Kaka hakutaka. Alisema vinyago ni kazi ya kusubiri wageni, yeye anataka kazi ambayo watu watamtafuta. Hawakugombana, lakini tangu siku ile baba hakuzungumza tena habari za kazi yake kaka akiwepo, na kaka hakuuliza.

Ndiyo maana naikumbuka vizuri Jumamosi ile. Kaka aliegesha gari mlangoni, akamwita baba nje.

"Baba, kuna vichuma wanauza kwenye maduka ya spea. Unakichomeka hapa pa kufungia mkanda, gari linadhani umefunga, linanyamaza. Ila vyao vinalegea. Nichongee wewe, cha mpingo."

Baba hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Aliinama ndani, akaushika ule ulimi wa chuma ulio mwishoni mwa mkanda, akaupima kwa vidole, akaugeuza. Alipoinua uso niliona furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka. Mwanawe alikuwa amemwomba kitu cha mikono yake.

Alikaa uani mchana kutwa na msumeno mdogo, tupa na msasa. Alijaribu, kikakataa kuingia, akapunguza, akajaribu tena. Kwa juu, mahali pa kushikia, akachonga kichwa kidogo cha ndege, mdomo na macho, ingawa hakuna aliyemwagiza. Hatimaye kikaingia, kikalia "ta", na gari likanyamaza. Kaka alimkumbatia baba akamnyanyua juu, mzee wa watu miguu ikining'inia.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amesimama kando na binti yao mgongoni. "Haya, gari limenyamazishwa," alisema. "Nimebaki mie wa kupiga kelele."

"Wewe nani atakuchongea!" kaka akamjibu, tukacheka wote.

Kaka alikuwa na kiwanja Pugu, ameshapandisha kuta na kuezeka vyumba viwili. Alikuwa akienda kutazama ujenzi huo kila alipopata nafasi. Siku ya ajali alikwenda peke yake, asubuhi, kupeleka milango. Tipa la mchanga lilitoka barabara ya pembeni, yeye akalivaa ubavuni. Walioshuhudia walisema hakuwa na mwendo mkali. Gari lenyewe halikuharibika kama tulivyotarajia, kioo cha mbele tu na boneti. Kifua chake ndicho kilichopiga usukani. Alifika hospitali akiwa anaongea, akaomba maji, na kabla mama hajafika akakata roho.

Tulimzika kule kule Pugu, wanajumuiya wakiimba, vumbi jekundu likipanda hadi magotini.

Baada ya maziko mie na baba tulikwenda kituo cha polisi kuchukua vitu vyake vilivyobaki garini. Askari aliyetufungulia alikuwa kijana mpole. Alituonyesha kiti cha dereva akasema, kwa nia njema tu, "Angefunga mkanda, mzee, pengine mngekuwa naye. Ona, wameuziba mlio."

Kile kichwa cha ndege kilikuwa kimesimama pale pale, hakina hata mkwaruzo. Baba alibonyeza kitufe chekundu, ulimi wa mpingo ukaruka nje. Akautia mfukoni mwa shati.

Watu walimfariji kwa maneno yanayojulikana, kwamba siku ikifika imefika, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Alikuwa akiitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Baada ya arobaini, wageni walipokwisha kutawanyika, alimfuata wifi jikoni, akakaa kwenye kigoda. Mie nilikuwa naosha sufuria.

"Mwanangu," alisema, "kile kidude nilikichonga mie."

"Najua, baba. Nilikuwepo."

"Sikujua kazi ya ule mlio. Nilidhani ni kelele tu, inamsumbua mtoto."

Wifi aliendelea kuchambua mchele. Kisha akaweka ungo chini.

"Baba, mie nilikaa pembeni yake kila Jumapili kwenda kanisani. Nilifunga wangu, wake nikauacha, maana nilichoka kusema. Sasa tugawane vipi? Wewe uchukue kiasi gani, mie nibaki na kiasi gani?"

Baba alilia, na ilikuwa mara ya kwanza mie kumwona baba yangu akilia. Wifi akasogea akakaa sakafuni karibu na miguu yake, wakalia pamoja. Mie nikatoka na sufuria zangu.

Sasa wanaishi Pugu, kwenye nyumba ya kaka, ambayo tuliimalizia kidogo kidogo: baba, mama, wifi na binti yake. Patasi zote baba aliwagawia wenzake wa bandani. Ule ulimi sijui aliuweka wapi, ingawa mama alitaka uchomwe. Baba analima mchicha nyuma ya nyumba na kuwapa majirani.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea. Binti wa kaka yuko shuleni sasa, na mwalimu alikuwa amewaambia waje na pia ya mti, ile ya kuzungusha chini. Akamwendea babu yake na kipande cha kuni, kwa sababu amesikia kwamba zamani babu alikuwa fundi.

"Babu, nichongee."

Baba alikipokea kile kipande, akakitazama ncha hii na ncha ile, akakipapasa kwa kidole gumba. Halafu akamrudishia.

"Babu hachongi, mama. Twende dukani nikakununulie."

Wakatoka wameshikana mikono.