Senti za Tundu Zilipotimia

"Lakini hizi si pesa, mama," nilimwambia. "Pesa ni kitu unakwenda nacho dukani unarudi na chumvi. Hebu nenda na hizi, uone kama utapewa hata njiti ya kiberiti."

Mama alisimama mlangoni mwa chumba changu na kopo langu la maziwa ya unga mkononi, amelishika mbali na kanga yake utadhani lina nge. Tangu mchana wimbo ulikuwa mmoja: likatupwe mtoni, leo, jua halijazama.

"Mgambo atajua hayo?" aliniuliza. "Atakaa chini asome mwaka wa kila moja? Akilitikisa tu hivi, basi."

Akalitikisa. Nikaruka kutoka kitandani. Ndani ya lile kopo kila tabaka la senti lilikuwa na kitambaa chake cha flana, nimelipanga mwenyewe, na mtu hatikisi vitu vilivyopangwa namna ile.

"Umeona?" mama akasema. "Umeziogopea senti. Baba yako hujamwogopea."

Nikaling'ang'ania kopo, naye hakuliachia.

Ulikuwa ule mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Redio ilitangaza walanguzi asubuhi, ikawatangaza tena jioni, na kila mtu mwenye vipande viwili vya sabuni alianza kujiuliza kama kimoja si kosa. Mtaa wa pili kulikutwa sukari imemwagwa kwenye mfereji na hakuna aliyesema ni yake. Sisimizi walisherehekea, watoto nao wakaenda kulamba vidole mpaka mama zao wakawavuta masikio. Halafu balozi wetu wa nyumba kumi akapita nyumba kwa nyumba kutuarifu kwamba kesho yake watakuja na mgambo kupekua, wataanzia kwake mwenyewe, tusiwe na wasiwasi. Alipotuambia tusiwe na wasiwasi ndipo tulipoanza.

Nyumba nyingine zilikuwa na wasiwasi wa sukari. Sisi tulikuwa na baba. Baba alikuwa muuzaji wa duka la ushirika, na miezi ile chenji zilipotea mji mzima. Ukinunua kiberiti unarudishiwa pipi. Ukikataa pipi unaambiwa uje kesho. Watu walikuwa wanasema, na hawakusema kwa sauti ndogo, kwamba wauza maduka wanazifungia chenji majumbani mwao. Na nyumbani kwa muuza duka mmoja, chini ya kitanda cha binti yake, lilikuwepo kopo limejaa senti.

Senti kumi za tundu, zile za mkoloni. Shaba, katikati tundu, pembe mbili za ndovu zimelizunguka, na chini mwaka. Nilianza kuzikusanya shuleni, Kilakala, kwa sababu ya rafiki yangu mmoja kutoka Gairo ambaye alikuwa nazo kwenye soksi. Tulishindana. Kila mwaka uliochapwa uwe na senti yake, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na isiwe imelika mpaka mwaka hausomeki. Nilizitafuta kwa bibi wa mboga, kwa wavuta tumbaku, kwenye masanduku ya shangazi zangu. Rafiki yangu alimaliza kabla yangu. Nilipomuuliza anajisikiaje, akasema, "Vibaya," na wiki ileile akaanza upya na senti tano.

Mimi nilimcheka. Niliamini nikimaliza mimi nitatulia. Tulipofunga shule nilikuwa nimebakiza moja tu, ya yule mfalme aliyeachia kiti kabla hajakizoea. Siku mbili kabla balozi hajapita, kondakta wa basi la Dodoma akaniletea kifurushi cha karanga kutoka Gairo, na katikati ya karanga ilikuwemo, inang'aa, haijashikwa na mikono mingi. Rafiki yangu alikuwa nazo mbili.

Niliiweka mahali pake. Nikazitazama zote. Nikafunga kopo. Nikafungua tena. Sikujua cha kufanya. Nilikuwa nimesubiri siku ile tangu kidato cha pili, na ilipofika ilikuwa siku ya kuchambua mchele kama nyingine. Nilifikiri nianze senti tano na mimi. Nilifikiri nitafute senti nzuri zaidi badala ya zile zilizolika. Niliwaza hata kumpelekea padri wa misheni ya mlimani, anayekusanya sarafu za kwao Ulaya, ambaye akimaliza seti huifungia kabatini na haitazami tena. Hakuna hata moja lililonivutia. Nilikuwa bado nawaza hivyo balozi alipobisha hodi.

Kaka yangu, mkubwa wangu, alirudi kutoka kiwandani akatukuta mimi na mama bado tunavutana uani. Akaliangalia kopo, akaangua kicheko.

"Mzee akamatwe kwa senti za mfalme! Hata mahabusu wenzake watamcheka. 'We umeingia kwa nini?' 'Mimi nimehujumu uchumi wa marehemu.'"

"Cheka," mama alimwambia. "Wewe cheka tu."

"Nipe dada, nikamuuzie fundi wa pete. Shaba nzuri hiyo."

"Ukiziuza ndipo utakuwa mlanguzi kamili," nikamjibu.

"Haya, kaa nazo. Form Four wewe, kichwa kimejaa miaka ya wafalme, bei ya dagaa huijui."

Bibi, mama yake mama, alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya njegere. Alishuka kutoka milimani siku ile na mzigo wa karoti na kabichi za kuuza sokoni, na angelala kwetu. Alisikia kila kitu, maana bibi akikaa kimya ndipo anaposikiliza zaidi. Akanyoosha mkono, mama akampa kopo, kwa furaha ya kulitua. Bibi akafunua flana ya juu.

"Mke mwenzangu," akaniambia, ndivyo alivyoniita siku zote, "mbona umezilaza kama maiti? Na sanda juu?"

"Ndivyo zinavyotunzwa, bibi. Zisikwaruzane."

"Zimetoka peponi? Hizi zimeshinda kwenye tumbaku ya babu yako. Kwetu senti ya tundu ni ya kamba. Huyu mama yako nilimfunga nazo kiunoni alipokuwa anatambaa. Kamba ikibana tunafurahi, mtoto ananenepa. Nipe mbili, nimpelekee kitukuu changu."

"Bibi, nikikupa mbili haijatimia tena!"

"Ikitimia inakupa nini?"

Kaka akapiga makofi. Nilikasirika nikampokonya bibi kopo, nikaenda kukaa karibu na ndoo za maji, nimewapa mgongo. Nilichukia kwamba ameniuliza lile lile nililokuwa najiuliza.

Baba alirudi mwanga ukiwa bado upo. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa yote, kisha akasema nimletee zile senti.

Nilimfunulia tabaka moja moja. Sikuwa nimewahi kumwonyesha. Alichukua ya mwaka aliozaliwa, akaigeuza, akalichungulia jua lililobaki kupitia tundu lake.

"Zote zipo?"

"Zote, baba. Tangu juzi."

"Hongera." Akairudisha, tena mahali pake sawasawa. "Leo mtu mmoja kaniuliza mbele ya foleni nzima: chenji mnazifukia uani au chumbani? Watu wakacheka."

"Ukamjibu nini?" mama akauliza.

"Nikampa pipi."

Safari hii hata kaka hakucheka. Baba aliangalia mikono yake.

"Sikwambii uzitupe," akaniambia. "Umezitafuta kwa haki. Lakini jua kwamba kesho wakija, mimi nitakuwa dukani. Wewe ndiye utakayewaeleza."

Akainuka kwenda kuoga. Afadhali angenigombeza. Kwa kugombezwa ningepata la kubishia.

Nilibaki na kopo mapajani. Mtoni? Kukutwa unatupa kopo la senti mtoni ni kubaya kuliko kukutwa nalo ndani. Kumpa bibi apande nalo mlimani? Angekaguliwa njiani, mzee wa watu, na senti zikilia chini ya majani ya kabichi. Kila njia niliyoipata ilikuwa ya kuficha, na kadiri nilivyozidi kuficha ndivyo senti zangu zilivyozidi kufanana na wizi. Nikaitoa ile ya mwisho, ile mpya, nikaishika na nyingine iliyochakaa, nikazisugua moja kwa nyingine. Mara moja tu. Ikapata mstari mwembamba juu ya pembe. Niliona uchungu kweli, siwezi kusema uongo. Nikasugua tena.

"Bibi," nikasema, "ile kamba ya katani uliyofungia karoti iko wapi?"

"Unampa mtoto?" Uso ukamchangamka.

"Hapana. Nazivaa mimi. Shingoni, juu ya gauni, zote. Nakwenda nazo kwa balozi kabla hawajaanza."

Mama akaacha kupuliza moto. "Unakwenda kujipeleka?"

"Naenda kumwamkia."

"Mimi nimesema kamba," bibi akalalamika, "sikusema kwa balozi. Msinisingizie."

"Na akikuweka ndani?" mama akauliza.

"Ataniweka mimi, mama. Mbele ya watu. Si baba."

Mama akaingia ndani, akatoka na gauni langu jeupe la Pasaka, akaanza kulisugua ukosi kwa kile kipande cha sabuni alichokuwa akikibania.

Nikaanza kuzitunga kwa mwaka, kuanzia ya zamani, moja juu ya moja, zinakwaruzana na kulia, kaka amenishikia ncha ya kamba bila utani wowote. Nikapanga hivi. Asubuhi, jua likichomoza tu, nitakuwa mlangoni kwa balozi. Nitasema shikamoo, nitamwambia azishike, azihesabu, asome majina ya wafalme. Akiniachia, sirudi nyumbani. Nitateremka moja kwa moja hadi duka la ushirika nikapange foleni kama mtu mwingine yeyote, katikati ya watu, na atakayetaka kujua senti za nyumbani kwetu zinakaa wapi nitamwinamishia shingo azione.