Zoezi la Mchanga

Kila asubuhi kabla sijafungua kibanda changu hapa Malili, nafunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, napitisha mguu wa kushoto, ule unaopenda kulala, na kuuvuta mpaka paja liwake moto. Halafu nanyanyua mawe mawili ya mtoni, moja kila mkono. Halafu nashika boriti ya mbele na kujivuta mpaka kidevu kipite juu. Mwisho nakaa na kusimama, nakaa na kusimama, juu ya kigoda hiki hiki ninachokalia nikishona akala, vile viatu vya matairi, bila kushika kitu. Nikiacha siku moja, jioni mguu unakuwa gogo. Nikiacha wiki, nageuzwa kitandani kama mtoto mchanga.

Vijana wa stendi hunicheka. "Mzee, kwani siku hizi jeshi wanachukua wenye mvi?" Mimi huwajibu kwamba mimi sikulikosa jeshi, jeshi ndilo lililonikosa mimi. Wanadhani ni mzaha.

Malori ya mchanga yanapita mbele yangu kutwa. Lori lililopakiwa mchanga mbichi hudondosha maji, linaacha mstari mwembamba kwenye lami kuelekea Nairobi. Nikiuona ule mstari nageuza kigoda niangalie ukuta. Yale ni maji ya mama wa mtu.

Majina siandiki. Lakini watu watatu walionikalisha hapa nitawataja kwa kazi zao, na mtu wa kwetu, kule chini ya Tawa, akisoma atawajua hata gizani. Wa kwanza ni mwenye lori, ambaye alikuwa mzee wa kanisa letu na Jumapili ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka. Wa pili ni naibu wa chifu, aliyemfungulia njia ya kushuka mtoni. Wa tatu tulimwita Afande. Wale wawili walichukua mto. Afande alituchukua sisi.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kuisha. Mimi shule niliachia darasa la tatu, baba alipokufa. Kwetu Ukambani kijana akikosa kalamu alibaki na mwili, na mwili ulikuwa na mlango mmoja tu: jeshi. Nyumba iliyokuwa na mtoto jeshini uliijua kwa moshi. Njaa ikiingia, kwao moshi ulitoka asubuhi na jioni. Kwetu ulitoka jioni, na siku zingine haukutoka. Kwa hivyo nilikuwa na haja moja maishani, nisimame Machakos siku ya kuandikisha, nipimwe kifua, nikaguliwe meno, nikimbizwe, halafu nipigwe alama ya rangi mkononi ya kusema huyu tumechukua.

Afande alikuwa sajini mstaafu. Alirudi kutoka jeshini na mgongo ulionyooka kama mlingoti, na akatangaza kwamba atatutayarisha bure. Bure, alisema, kwa ajili ya Ukambani. Wazazi walimshukuru. Mama yangu alimpelekea jogoo.

Kiwanja chetu kilikuwa mto. Mito yetu ni mikavu karibu mwaka mzima, mchanga mtupu, mweupe, mpana kuliko barabara, na mtu akikimbia humo bila viatu anachoka mara mbili. Afande alitukimbiza huko jua likichomoza. Tulibebana mgongoni kupanda ukingo na kushuka. Tulipiga presapu mwenzako amekukalia mabegani. Tulining'inia kwenye mizizi ya mkuyu uliokuwa umetokeza ukingoni. Siku moja mwenzetu aliyekuwa amefika Nairobi alisema kule kuna jumba la mazoezi lenye vyuma. Afande alicheka mpaka akakohoa.

"Huko watu wananyanyua chuma na kukirudisha pale pale," alisema. "Nyinyi mkinyanyua kitu, kiende mahali."

Tulipenda sana maneno hayo. Tuliyarudia njiani tukienda nyumbani. Leo nikiyakumbuka nywele zinasimama, maana alikuwa anatuambia wazi.

Lori lilikuja msimu huo huo. Lilishuka kwa njia ambayo naibu wa chifu aliamuru watu waipasue, na sababu aliyotoa kwenye baraza ilikuwa maendeleo. Afande akaleta sepetu. Akatuambia hakuna zoezi la kifua kama sepetu ya mchanga mbichi, ukiutupa juu ya bega mpaka uvuke ubao wa lori. Alitupanga mistari miwili, uso kwa uso, lori katikati, na yeye akasimama na fimbo chini ya kwapa akituimbisha. Aliyelegea alirudia mwanzo. Lori likijaa, mwenye lori alishuka, akatuangalia jinsi tulivyotokwa na jasho, akasema Bwana awabariki vijana hawa. Jumapili alituombea mbele ya kanisa, tukasimama, tukapigiwa makofi.

Kwingine vijana walilipwa kupakia mchanga. Sisi hatukuuliza. Nani hulipwa kwa kupiga presapu?

Ila nyumba ya Afande, iliyokuwa ya nyasi kama zetu, ilianza kung'aa. Kwanza upande wa mbele, halafu upande wa nyuma, halafu jiko. Mama aliangalia yale mabati siku moja tukitoka shambani, akaweka mkono juu ya macho.

"Hiyo bati imetoka kwa presapu za nani?" aliuliza.

Nikamwambia Afande ana pensheni. Akaendelea kutembea.

Wanawake ndio walioona mapema, kwa sababu maji yetu yalikuwa ndani ya mchanga. Zamani mama alipiga magoti, akafukua kidogo kwa mkono, akasubiri, akachota kwa kibuyu. Sasa alifukua mpaka akaingia kiunoni. Halafu pale pakakauka, akasogea juu ya mto, halafu juu zaidi, na mtungi ukamfikisha nyumbani jua likiwa limezama. Wanawake wa mwethya, lile kundi la kuchimba matuta pamoja, waliacha matuta siku moja wakaenda na majembe yao kusimama mbele ya lori. Hawakutukana mtu. Walisimama tu. Naibu wa chifu alikuja na askari wawili na akawahutubia kwa upole, na huo upole ndio uliotisha.

"Mama zangu, mchanga ni kama nywele," alisema. "Unanyoa, unaota."

Wakatawanyika. Na kweli, kila mtu kwetu aliamini hivyo. Tangu babu zetu, mafuriko yakipita mto hurudi ulivyokuwa. Hata mimi niliamini.

Mvua ilikuja mwaka ule kwa hasira. Usiku kucha tulisikia mto unanguruma kama kitu kinachotafuta mlango. Ulibomoa njia ya lori, ukang'oa mkuyu wetu na mizizi yake, ukapita. Maji yalipoisha tulishuka kuangalia. Mashimo yote tuliyochimba yalikuwa yamefunikwa. Mchanga ulikuwa mpya, mweupe, umelala laini kama unga uliochekechwa, kutoka ukingo huu mpaka ule, hakuna hata unyayo wa mbuzi. Wazee walisema, "Mto umerudi." Naibu wa chifu alipita akitabasamu. Mimi nakumbuka nilifurahi, na nakumbuka pia kwamba ndege hawakuwepo, wale wanaokuja kunywa kwenye mchanga wenye unyevu.

Sasa, kwetu vijana tulikuwa na desturi. Ngoma zetu Wakamba ni za kuruka, mtu anajigeuza hewani na kutua, na tangu utoto tulijifunzia mtoni. Mafuriko yakishaisha, kabla mchanga haujakanyagwa, vijana walipanga mstari ukingoni na kuruka mmoja mmoja, kichwa chini miguu juu, wakatua kwenye mchanga mpya. Anayeruka wa kwanza ni yule anayejua kuliko wote. Afande alisema hilo ndilo litakalokuwa zoezi letu la mwisho kabla ya Machakos, mtihani wa woga. Siku ya kuandikisha ilikuwa imekaribia mno. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Jambo moja nililijua baadaye tu, nikiwa nimelala. Asubuhi ile ile mama alikuwa amekwenda kuchota maji, akafukua, na kabla mkono haujazama hadi kiwiko kibuyu kikakwaruza mwamba. Alikutana na Afande njiani na kumwambia, mchanga huu ni ngozi tu, chini ni jiwe. Afande alimjibu kwamba mto ni mrefu, mama, atafute mahali pengine.

Nilikimbia, nikaruka, nikageuka hewani. Niliona anga, niliona ukingo, niliona wenzangu wamefungua midomo. Nilitua pale pale chini ya ukingo ambapo lori lilizoea kurudi kinyumenyume lipakiwe, pale tulipochimba kuliko kwingine kote.

Mlio ulikuwa kama wa mtu kuvunjia muwa gotini. Sikuhisi maumivu mara moja. Nilikuwa nimelala kifudifudi, na mbele ya macho yangu mchanga ulikuwa umesogea kidogo, na chini yake mwamba mweusi, na juu ya mwamba mikwaruzo myeupe, mingi, imepishana. Ilikuwa mikwaruzo ya sepetu. Ilikuwa yetu.

Afande alikuja mpaka ukingoni akanitazama. Alinitazama kama mtu anayetazama jembe lililovunjika mpini. Halafu akageukia mstari.

"Anayefuata arukie upande ule," alisema.

Na aliyefuata akaruka. Simlaumu. Tulikuwa tumezoeshwa.

Lori lilikuwepo siku ile, limekuja kuangalia kama mto umerudi. Mama alimpigia magoti mwenye lori, yule mzee wa kanisa, anipeleke Tawa. Mwenye lori alisema njia imebomoka, lori litakwama, na tumwombe Mungu. Kisha likapanda njia hiyo hiyo iliyobomoka na kwenda zake. Wanawake wa mwethya walinibeba juu ya kitanda cha kamba, wakipokezana. Kutoka Tawa nilitupwa nyuma ya gari la mahindi mpaka hospitali ya misheni, na huko, nyonga imevunjika, nikafungwa plasta kutoka kwapani hadi gotini. Wenzangu walikwenda Machakos nikiwa ndani ya ile plasta. Wengine walipigwa rangi mkononi. Mimi nilikuwa nahesabu nyufa za dari. Naibu wa chifu, alipoulizwa, alisema nilianguka nikicheza ngoma.

Hospitali walisema nirudi kila mara nikanyooshwe kwa mashine zao. Nirudi na nini? Tulikuwa hatuna hata ya kula. Mama alifunga kamba kwenye mti wa paa juu ya kitanda changu, akasema, vuta. Nilivuta. Nilivuta nikilia, nikitukana, mpaka siku moja nikakaa. Akaniletea mawe kutoka mtoni, maana mchanga ulikuwa umekwisha na mawe ndiyo yaliyobaki. Alinishika mikono nikasimama, akasogea hatua nyuma, akasogea tena. Alikuwa anatoka mbali na maji, amechoka, na bado alinisimamisha. Nilitembea. Lakini wakati huo mama alikuwa amepinda kwa kubeba mtungi umbali ule, na hakunyooka tena mpaka tulipomzika.

Nilikuja Malili kwa sababu akala hushonwa mtu amekaa. Yule mwenye lori alipata malori mengine. Naibu wa chifu akapanda akawa chifu. Miaka imekwenda, na watu wamejua kwamba kwenye kibanda cha akala kuna mzee aliyejifundisha kutembea kwa tyubu na mawe. Wananiletea waliovunjika mguu, wananiletea waliopooza. Nawaonyesha.

Juzi mwanamke mmoja alisukuma mkokoteni mpaka mbele yangu. Ndani alikaa mzee, blanketi magotini, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umekufa. Mwanamke alisema ni baba mkwe wake, ugonjwa ulimwangusha shambani, na hospitali imewashinda. Nilimtambua kwa ule mgongo. Hata kwenye mkokoteni alikuwa amejaribu kuunyoosha.

Na yeye alinitambua. Jicho lake zuri lilishuka mpaka mguuni kwangu likakaa hapo.

Nilimwambia mwanamke aende akanunue chai. Halafu nikasogeza kigoda karibu.

"Afande," nikamwambia, "siku ile ulijua?"

Maneno yalimtoka nusu nusu, mate yakimdondoka, nami nikasubiri kila moja.

"Mwamba nilijua uko," alisema. "Sikujua uko juu vile."

Basi. Hakuomba msamaha na mimi sikuudai. Nilichukua tyubu, nikafunga upande mmoja kwenye nguzo, upande mwingine nikamfunga kwenye ule mkono uliokufa, nikakaza fundo kuliko ninavyokaza kwa watu wengine.

"Vuta," nikasema.

Mkono haukwenda popote.

"Rudia mwanzo."

Lori la mchanga lilipita, likadondosha maji yake, na safari hii sikugeuza kigoda. Yeye ndiye aliyegeuza uso. Nikamwambia aangalie mbele, zoezi halijaisha. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho moja. Alivuta, na kidole kimoja, kidole kidogo cha mwisho, kikasogea.

Mkwe wake aliporudi na chai alikiona kile kidole, akashika mdomo, akanishukuru mpaka nikaona aibu. Aliuliza wamlete tena lini.

Nikamwambia kila asubuhi, na ni bure. Yule mzee alisikia hilo neno. Alinitazama kutoka kwenye mkokoteni mpaka walipopinda kona, na mimi nikaingia ndani kutafuta tyubu ya lori, ile nzito, ya kesho.