Jumatano Baba Aliposhika Kipaza Sauti

Harufu ya chapati na mayai yanayokaangwa barabarani ndiyo iliyotuambia kuwa jioni imeingia. Mengo ya utoto wangu, mtaa wa jijini kwa Waganda, haikulala mapema, hata kama kesho yake ni shule. Jua likishazama, vumbi jekundu lilitulia, vibatari vikawashwa juu ya meza za nyanya na samaki wa kukaanga, kwaya ikaanza mazoezi upande mmoja na adhana ikapanda upande mwingine, nasi watoto tukaelea katikati ya sauti hizo kama tuliomo ndotoni. Jumatano tulikwenda kwenye kibanda cha video: mbao, mabati, mabenchi, televisheni moja, na kijana aitwaye Kato aliyetafsiri filamu kwa Kiganda kwenye kipaza sauti, akitia chumvi mpaka tukashika mbavu.

Baba hakuingia humo. Tulitoka Kongo mimi na yeye tu, nikiwa mdogo mno kukumbuka chochote. Mchana alizunguka na vitenge begani. Jioni alikaa kimya mlangoni kwetu. Kiganda hakukijua, na Kiswahili chake kilichekwa sokoni kuwa ni lugha ya askari. Kuhusu mama alikuwa na neno moja tu: "Alibaki."

Jumatano moja sauti ilimkauka Kato. Filamu ilikuwa ya Kihindi, na watu waliochoka kutoelewa wakaanza kupiga mabati kwa ngumi. Baba alikuwa amekuja kunichukua. Hajati Zainabu, mama wa Kinubi mwenye kibanda, akamwona, akamwita kwa jina langu.

"Baba Furaha, wewe najua Kiswahili mzuri. Saidia mimi, hawa watavunja nyumba!"

"Kiswahili?" mtu mmoja akadakia. "Tumekosa nini, afande?"

Wakacheka. Baba alikipokea kipaza sauti. Kwenye kioo mwanamke alisimama ukingoni mwa mto, mtoto kifuani.

"Huyu mama ametembea sana," baba akaanza polepole. "Miguu imevimba. Anamwambia bwana yake: Beba mtoto, mtangulie. Nitawafuata. Sitaki mtoto anione nikilia."

Baba hakujua Kihindi hata neno. Mwenye macho haambiwi tazama: niliacha kioo, nikamtazama yeye.

"Akavuka?" aliuliza yule yule aliyemcheka.

"Hapana. Bwana yake alirudi kumchukua. Alimkuta homa imeshamaliza kazi yake."

Kwenye kioo watu walikuwa tayari wanacheza harusi. Hakuna aliyecheka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu hapo Jumatano zikawa za baba, na sokoni wakamwita Mwalimu. Lakini usiku ule, tukirudi, alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, nami nikalia shingoni mwake bila sauti.

Sasa naishi Bugolobi, mtaa mwingine wa jiji lile lile, ghorofani, na baba ametangulia mbele ya haki. Jioni za katikati ya wiki watoto wangu hujifungia, kila mmoja na simu yake, filamu za dunia nzima viganjani mwao, tafsiri imeandikwa chini, sahihi neno kwa neno. Picha zangu wanazo nyingi hata huzifuta simu ikijaa. Ya mama yangu mimi sina hata moja. Nina yale maneno aliyoyasema ng'ambo ya mto, nayo niliyapata mbele ya watu, katika lugha waliyokuwa wakiicheka.