Siku Niliyomwangusha Mfiwa

Habari hii huwa siisimulii, na leo naisimulia kwa sababu mmeniuliza tena kwa nini mimi, mwalimu mzima wa sekondari, niliacha judo ghafla wakati likizo yangu ilikuwa bado ina miezi, na nimechoka kuwadanganya kwamba ni goti. Goti langu ni zima. Nina aibu tu, aibu ambayo hainitoki hata nikiwa nimelala, basi sikilizeni mara moja hii maana sitarudia.

Nilikuwa nimefundisha Mugumu miaka kumi na minne mfululizo, Jiografia na Kiswahili, nikafika mahali nikiona rundo la madaftari moyo unanienda mbio kama nimekutana na chui njiani, ndipo nikaomba likizo ya mwaka mzima bila malipo. Mkuu wa shule aliisoma barua yangu mara mbili. Kwenye sababu nilikuwa nimeandika "kujifunza kazi za mikono na kuimarisha mwili," akaniangalia juu ya miwani yake akasema, "Mwalimu Bhoke, wenzako wanaacha chaki waende kwenye dhahabu, wewe unaacha chaki ukasuke vikapu?" Nikasema ndiyo, mkuu. (Na kusema kweli nilikuwa naenda huko huko kwenye dhahabu, maana shangazi yangu Wankuru, dada yake baba, fundi wa vikapu vya katani, anakaa Kewanja, jirani kabisa na mgodi, na miaka ile Kewanja ilikuwa imejaa watu wa kila kabila kama mnada usioisha.)

Basi ikawa asubuhi nasuka, jioni nafanya mazoezi. Vikapu vyangu viliegemea upande mmoja kama mlevi anayesikiliza siri, shangazi akawa anavifumua kimya kimya na kunirudishia kamba nianze upya. Judo ndiyo iliyonipenda. Kulikuwa na mgambo mstaafu, Kocha Maro, ametandika turubai juu ya maranda nyuma ya karakana ya seremala, na wachimbaji wakitoka mashimoni na vumbi lao walikuja kuangushana pale, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Kwa miezi minne nilijua kitu kimoja tu vizuri: unamshika mtu mkono na kola, unageuka, unainama, anapita juu ya mgongo wako anaanguka mbele. Kimoja tu! Lakini nyie, mnajua mtu akijua kitu kimoja anavyotembea? Nilikuwa naenda sokoni nimetanguliza mabega.

Sasa jirani yetu mmoja aliitwa Nyangi, na mume wake alikuwa Ochieng', Mjaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, Migori huko Kenya, aliyekuja kuchimba akapenda, akaoa, akajenga nyumba ya tofali yenye mabati ya bluu. Siku moja kifusi kikamfunika. Walimtoa jioni yake akiwa ameshakufa, mwili ukapelekwa hospitali, na kesho yake kaka yake mkubwa, Owino, akavuka mpaka pale Sirari kuja kumchukua akazikwe kwao. Hapo ndipo palikuwa na shida. Nyangi alikaa kwenye mkeka siku mbili anasema neno moja tu, "Nataka azikwe hapa, watoto wangu wamwone baba yao alipo." Wazee wa huku na wale wa ng'ambo wakakaa nyuma ya ua wakavutana, wakanyamaza, wakavutana tena, na asubuhi ya siku ya tatu yule kaka akakubali. Sawa, azikwe Kewanja. Mtaa mzima tukashusha pumzi. (Huyo Owino mimi sikuwa nimemwona hata kwa mbali, kwa sababu siku zote mbili wakati wengine wanakesha na wafiwa mimi nilikuwa naonekana msibani nusu saa, halafu nakimbilia kwenye turubai.)

Asubuhi hiyo nilifika nimevaa suruali yangu ya mazoezi, nimejifunga kanga juu yake, nikaenda nyuma ya nyumba walipokuwa wanapika. Mama aliyekuwa anasimamia mapishi akaniona akanyoosha mwiko.

"Mwalimu, si wewe unajua karate?"

Hapo ndipo nilipopotea. Ningesema, mama, karate sijui, nina miezi minne ya kitu kingine, tafuteni mwanaume. Lakini akaongeza, "Wageni ni wengi, kwenye msiba wa juzi waliiba mpaka sufuria likiwa jikoni. Katulindie huo mlango wa nyuma," na wanawake kama ishirini wakageuka kuniangalia, nami nikasema, "Niachieni mimi."

Nikasimama pale nimekunja mikono. Haikupita muda akatoka mwanaume mrefu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, viatu vina matope, amekumbatia bonge la furushi la shuka. Hakusalimia mtu. Nikamwambia, "Wewe, umebeba nini?" Hakugeuka. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Simama hapo!" Akajibu kitu kwa Kijaluo, sauti imekauka, akaongeza mwendo. Na mimi nikasikia yale macho ishirini mgongoni, na nitawaambia ukweli, niliyapenda.

Nikamfuata. Mkono, kola, geuka, inama.

Jamani, haijawahi kutoka vizuri namna ile. Kocha Maro angenipigia makofi. Tatizo ni kwamba kule kuna maranda, na hapa palikuwa na jiwe la kufulia, na mtu yule aliangukia bega na nikasikia kitu kinalia ndani yake kama kijiti kikavu. Furushi likafunguka. Ikatoka suti nyeusi, shati jeupe, tai, na soksi mpya zikiwa bado na karatasi yake, vyote vikatua kwenye dimbwi la maji ya kuoshea vyombo, yale yenye masizi na maharage. Nilipaswa kuelewa hapo hapo. Mwizi gani anaiba soksi mpya akaacha redio ndani? Lakini damu ilikuwa imenipanda, nikamwekea goti mgongoni na nikapaza sauti, "Mwizi!"

Hilo neno ndilo ninalolijutia kuliko hata bega. Mnajua mji wa dhahabu ulivyo. Mtu akisema mwizi, hakuna anayeuliza ni wa nini. Nilisikia miguu inakuja kutoka mbele ya nyumba, vijana wenye fimbo, mmoja ameshaokota tofali, wanaitana kijana kwa Kikurya, "Yuko wapi, mura, yuko wapi?" na nyuma yao sauti ya Nyangi, ambaye hakuwa amenyanyuka mkekani kwa siku tatu, anakuja mbio anapiga kelele, "Shemeji! Muacheni shemeji yangu! Ni kaka wa Ochieng'!"

Vijana wawili walisikia. Wa tatu hakusikia, au alisikia na fimbo ilikuwa imeshaondoka. Sijui nilifikiri nini, nilimlalia tu yule mtu juu, nikamfunika, na fimbo ikanipata mimi. Kanga ilikuwa imefunguka zamani. Kwa hiyo msiba mzima, wazee, mchungaji, mabinti niliowahi kuwafundisha wakaolewa huko, wote wakamkuta Mwalimu Bhoke na suruali iliyochanika nyuma, amelala juu ya mfiwa. Na chini yangu yule mtu anasema taratibu, "Owadwa, owadwa." Baadaye waliniambia maana yake ni ndugu yangu. Alikuwa anamwita marehemu.

Na mimi, kwa kuwa akili ilikuwa imeniruka kabisa, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Shikamoo."

Akanijibu, "Marahaba." Mpaka leo sijui kwa nini alinijibu.

Habari yenyewe ilikuwa ndogo sana. Gari la kwenda hospitali kuuchukua mwili lilikuwa linasubiri barabarani, suti ya kumvalisha marehemu ilikuwa imejikunja, na pasi ya mkaa ilikuwa kwa jirani wa nyuma, basi kaka mtu akasema ile suti ataipeleka mwenyewe, hataki mtu mwingine aishike. Kofia aliishusha usoni kwa sababu alikuwa analia. Kile Kijaluo alichonijibu, waliniambia, alisema, "Niache kidogo, mama."

Mganga wa zahanati alikuja akasema mfupa wa bega umevunjika, wakamfunga mkono shingoni kwa kanga yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mimi nilichukua ile suti. Hakuna aliyenituma wala aliyenizuia. Nikaifua kwenye beseni, maji matatu, nikaenda kwa yule jirani nikaipiga pasi ikiwa mbichi, mvuke unanipanda usoni, shati likabaki na doa la masizi chini ya mfuko ambalo halikukubali kutoka, nikalikunja kwa ndani. Niliporudi, wazee walikuwa wamesimama wote, na Owino yuko katikati yao amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Nikapiga magoti, nikasema kosa ni langu peke yangu, wanipe adhabu yoyote, ila wasimwadhibu Nyangi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuona hasira kwake, afadhali ningeiona. Akasema kwa kile Kiswahili chao cha ng'ambo, "Mwalimu, mimi sina kesi na wewe. Lakini nimeona. Mimi nimetoka kwa mlango wa nyumba ya ndugu yangu, kwa matanga yake, nikaitwa mwizi, na hakuna mtu hapa alinijua. Sasa yeye nikimwacha huku peke yake, nani atamjua?"

Mzee mmoja wa kwetu akamwita baba kwa heshima, akamwambia, "Tata, tulikuwa tumekubaliana."

"Tulikuwa tumekubaliana," akasema. Akanyoosha mkono wa kushoto, akapokea suti kutoka kwangu, akauliza gari liko tayari.

Walimsihi mpaka jua likawa juu ya kichwa. Hakupandisha sauti hata mara moja na hakubadilika. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, vijana wakaambiwa warudishe udongo, na mnajua kulifukia kaburi ambalo halina mtu ni kitu kibaya namna gani, hata wale wachimbaji walikuwa hawaangaliani. Nyangi akapanda gari na watoto wake wawili, hana hata nguo ya kubadilisha. Alipita mbele yangu. Nilitaka aniseme, yeye akawa anawapandisha watoto.

Shangazi Wankuru naye hakunisema. Wiki nzima alisuka bila kunipa kamba, nami nikawa nakaa pembeni yake naangalia mikono yake, na jioni ikifika sijui niende wapi, kwa sababu vijana wa kwenye turubai walikuwa wameanza kuuita ule mwangusho "mfiwa." Walidhani nitacheka. Mwisho nikafunga begi, nikarudi Mugumu kuomba nipokelewe kazini kabla ya mwaka kuisha, na mkuu wa shule, Mungu ambariki, hakuuliza vikapu viko wapi.

Nilirudi Kewanja mara moja tu, niliposikia Nyangi amesharudi kutoka mazishini, kumwomba msamaha ana kwa ana. Alinikaribisha, akanipa uji, tukakaa. Nikasema yote niliyokwenda kuyasema. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, sikulaumu tena. Ila watoto wakiniuliza baba yuko wapi, nanyoosha kidole huko Kenya, na wao wanabaki wanaangalia kidole."

Ule uji nilishindwa kuumaliza.

Kwa hiyo msiniambie kuhusu hiyo timu ya judo ya walimu mnayotaka kuianzisha, sitaki. Mkiniuliza kama najua jambo fulani, nitasema silijui, hata kama nalijua. Na sitamshika tena mtu kola kabla hajaniambia jina lake. Hata shuleni wakiniletea mwanafunzi amekamatwa na kitu mkononi, namwambia kwanza akae, namuuliza anaitwa nani na amebeba nini, halafu nasubiri jibu mpaka liishe. Na kama amejibu kwa lugha nisiyoijua, natuma mtu akamwite anayeijua.