Sauti ya Naftali Mnadani Ikungi

Naftali hakuwa na shamba la maana wala elimu ya kujivunia. Alichokuwa nacho ni koo. Ukitokea msiba Mandewa, ikija chanjo ya mifugo Sepuka, mkutano wa hadhara ukiahirishwa, yeye ndiye aliyezunguka na gari la matangazo, dogo, la bluu, lenye spika juu ya paa, akiita kwa sauti yake nzito: "Wananchi, wananchi, sikilizeni." Watu walisimamisha majembe. Wapo waliosema kwamba jambo ambalo Naftali hajalipitisha bado ni uvumi.

Gari lilikuwa la Joshua, kijana mwenye ofisi ya matangazo mjini Singida. Joshua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na alipenda vitu vipya.

"Shikamoo, mzee Naftali," alimwambia siku moja. "Koo limeanza kukukwaruza, nalisikia. Ukiumwa, kazi inalala. Njoo unisomee maneno fulani, kompyuta ijifunze sauti yako. Baadaye nikiandika tangazo, yenyewe italisoma kama wewe."

"Bila mimi kuwepo?"

"Bila wewe. Utakuwa umekaa kwako unakunywa chai. Ndiyo hiyo akili mnemba wanayosema."

Naftali alisoma mchana kutwa katika chumba kilichozibwa kwa magodoro. Alipomaliza, Joshua aliandika kitu, akabonyeza. Kompyuta ikasema: "Wananchi wa Mandewa, poleni na kazi." Ilivuta pumzi kidogo kabla ya "poleni," vile vile anavyovuta yeye. Naftali alisisimka mwili mzima. Alitaka kusema ifutwe. Akaona aibu mbele ya kijana, akacheka badala yake.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Lea. "Leo nimejisikia nikiongea huku mdomo wangu umefumbwa."

Lea alikuwa anachambua mboga. Aliacha. "Hilo si jambo la kuchekea, Baba Sara," alisema.

Miezi ikapita. Naftali akawa anatoka siku za mnada tu, matangazo mengine yakisomwa na kompyuta. Watu hawakujua tofauti, naye akazoea kukaa nyumbani huku akijisikia akipita barabarani.

Siku ya mnada Ikungi alikuwa kwenye gari, akitangaza mafuta ya alizeti. Watu walikuwa wengi, vumbi limepanda, mbuzi wanalia kila upande. Alizima kipaza sauti ili anywe maji. Hapo ndipo alipoisikia sauti yake.

Ilitoka kwenye simu ya mama mmoja aliyesimama karibu na gari. "Wananchi wa Ikungi, nasema kwa uchungu. Kuna gari jeupe linateka watoto. Mtoto mmoja wa Sepuka hajaonekana tangu asubuhi. Mkiliona, msiliachie." Kisha ikaja ile pumzi. "Wazazi, poleni."

Maji yalimmwagikia Naftali mapajani. Kwa kitambo alijiuliza kama kweli aliyasema maneno yale, pengine usingizini, pengine ameanza kuchanganyikiwa. Sauti ile ile ilianza tena kwenye simu nyingine, na nyingine, upande wa vibanda vya nguo, upande wa zizi la ng'ombe. Alikuwa anaongea mnada mzima, naye amekaa kimya.

Kando ya barabara ya Dodoma lilikuwa limeegeshwa gari jeupe. Mwenye gari aliitwa Emilian, mnunuzi wa alizeti kutoka Iramba, mgeni pale. Kwenye siti ya nyuma alikuwa amelala mtoto wa kike. Mtu alichungulia kioo, akapiga ukelele: "Yupo! Mtoto yupo humu!"

Watu walikimbia kama maji yaliyobomoa tuta. Emilian alikuwa anarudi na soda mkononi. Alijaribu kusema kitu. Naftali aliiona ile chupa ikiruka hewani, kisha hakumwona tena yule mtu, aliona migongo tu.

Akawasha kipaza sauti. "Wananchi! Mimi ni Naftali! Sikusema mimi! Hilo tangazo si langu!"

Wachache waligeuka. Kijana mmoja aliinua simu yake juu. "Huyu hapa Naftali amesema!" alijibu kwa hasira. "Wewe wa kwenye spika ni nani?"

"Amehongwa!" akadakia mwingine. "Anakana maneno yake!"

Jiwe likapiga kioo cha mbele. Naftali alizima kipaza sauti, akafunga milango, akajilaza chini ya usukani. Baadaye, kila alipoulizwa, alijibu vivyo hivyo bila kujipamba: aliogopa kufa, akanyamaza.

Aliyemwokoa Emilian ni Joyce, muuza nyanya. Alipenya katikati ya watu, akamtoa yule mtoto garini, akamwinua juu kila mtu amwone. "Mwulizeni mtoto!" alipiga kelele. "Mmemwuliza? Wee binti, huyu ni nani kwako?"

Mtoto alilia neno moja, "Baba," akalirudia, akinyoosha mikono kuelekea chini, penye kundi. Waliokuwa mbele wakasita. Wa nyuma waliendelea kusukuma, mpaka polisi walipofika na kupiga risasi hewani.

Emilian alipelekwa hospitali akiwa hai. Jicho moja halikupona.

Naftali naye alichukuliwa kituoni. Mkuu wa kituo alimsikilizisha ule ujumbe, akamwuliza, "Hii sauti ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulisema maneno haya?"

"Hapana, afande."

"Sasa mimi nifanyeje na jibu hilo?"

Naftali alilala mahabusu akiwaza kwamba atafungwa kwa maneno ambayo hayajawahi kupita kwenye koo lake, na hakuna mtu duniani anayeweza kumtetea, kwa kuwa hata yeye angejitia hatiani kwa masikio yake mwenyewe.

Aliyemtoa ni Joshua. Alikuja mwenyewe, uso umemshuka, akaeleza habari ya kompyuta. Mbele ya mkuu wa kituo aliandika maneno, na sauti ya Naftali ikayasoma, Naftali akiwa amekaa pembeni na midomo ameibana. Askari mmoja alijivuta nyuma na kiti chake.

"Nani mwingine anaweza kufanya hivi?" mkuu wa kituo aliuliza.

Joshua alijikuna shingo. "Niliwapa marafiki hiyo sauti waijaribu. Nao wakawapa wengine. Sijui imefika wapi."

Aliyeandika maneno yale ya mnadani hajapatikana mpaka leo. Pengine alikuwa na ugomvi na mtu. Pengine alikuwa anacheza tu. Hicho ndicho kilichomtisha Naftali kuliko yote, kwamba mtu aliyekaribia kuua kwa sauti yake huenda alikuwa anacheka.

Alipoachiwa, alimtaka Joshua afute kila kitu.

"Ya kwangu nimefuta, mzee. Naapa. Nilidhani nakupunguzia kazi." Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Lakini nakala za watu wengine siwezi kuzifikia."

"Kwa hiyo iko huko inazurura."

"Iko huko."

Lea alimshauri aende kumpa pole Emilian. Walikwenda pamoja hospitali, mchana, saa ya kuona wagonjwa. Lea alibeba uji kwenye chupa. Emilian alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji, na binti yake Happiness akichezea shuka miguuni pake.

"Shikamoo, mama," mtoto alimsalimia Lea kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu."

Naftali akakohoa kusafisha koo. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Poleni sana."

Mtoto aliruka kutoka kitandani, akaingia uvunguni. Alianza kupiga mayowe, yale ya kukata pumzi, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakainuka. Emilian alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Jicho lake zima lilimkodolea Naftali.

"Ni wewe," alisema taratibu. "Walikuwa wanaipiga hiyo sauti huku wananipiga mimi. Najua siyo wewe, polisi wamenieleza. Lakini tafadhali, usiongee tena hapa."

Naftali aliinamisha kichwa, akatoka. Lea alibaki akichuchumaa, akimbembeleza mtoto atoke uvunguni. Huko uani Naftali alisimama juani akiwa na kiu, na alipopita muuza maji alimwonyesha kwa kidole tu.

Aliacha matangazo. Akapata kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, ambako mashine zinaunguruma na hakuna anayehitaji kusema. Wapo waliompa pole. Wengine walinyamaza alipopita. Kanisani aliacha kuimba. Binti yake Sara, anayesoma Dodoma, alipopiga simu alimpa Lea aongee.

Asubuhi moja ya kupumzika alikuwa uani ananawa uso. Lea akatoka ndani kwa mwendo wa polepole, simu mkononi, rangi imempotea.

"Baba Sara. Uko hapa?"

Alishangaa. Alikuwa mbele yake, povu la sabuni mashavuni.

Lea alibonyeza. Namba ilikuwa ngeni, sauti ilikuwa yake. "Lea, mke wangu, nimepata matatizo. Usimwambie mtu. Funga nyumba, njoo stendi sasa hivi." Kisha pumzi, ile yake. "Pole, mama."

Mbuzi wa jirani alilia, akanyamaza. Naftali alisogea hatua moja, na Lea, bila kukusudia, akarudi nyuma hatua moja.

"Lea," alisema, "ni mimi."

Mkewe hakuwa anamtazama machoni. Alikuwa anamtazama midomo, ahakikishe kama inacheza.