Tulivyokwenda Kuwaona Wagonjwa

Mama hakujua. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba alijua, kwamba tulikaa mezani kama watu wazima, tukazungumza, naye akaichagua mwenyewe ile nyumba ya wazee ya Kensington. Kaka yangu aliyeko Nakuru nilimwambia hivyo. Wenzangu wa kanisani niliwaambia hivyo. Nimelisimulia jambo hili vizuri kiasi kwamba mara nyingine naikumbuka hata chai tuliyokunywa. Hapakuwa na mazungumzo wala chai.

Kulikuwa na sukari tu.

Nilimleta mama Johannesburg kwa mbwembwe, baada ya baba kufariki. Muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimeandika insha kuhusu watu wanaowatupa wazee wao kwenye majumba, na jinsi sisi tusivyo watu wa namna hiyo. Ilisifiwa sana. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba alilia. Kufikia 2017 mama alikuwa ameacha gesi wazi mara mbili, na siku moja alitoka nyumbani na kandambili za bafuni kwenda kutafuta magari ya Nakuru. Nilimkuta mtaa wa Troyeville, kwenye duka la fundi cherehani, mama mmoja wa Bukavu, ambaye alimsikia akiuliza njia kwa Kiswahili akamkalisha kwenye kiti hadi nilipofika kutoka kazini Sandton.

"Dada, huyu mama muzee hawezi kubakia peke yake," fundi aliniambia. "Leo ni mimi nimemuona. Kesho ni gari itamuona."

"Natafuta nyumba ya kumlea," nikasema. "Ile ya wazee."

Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio la cherehani.

"Eish. Sisi kwetu hatufanyake vile." Kisha akakata uzi kwa meno. "Lakini sisi tuko wengi ndani ya nyumba. Wewe uko na nani?"

Nilikuwa na insha.

Sasa, mama alikuwa ametumikia umoja wa akina mama wa kanisa lake kwa zaidi ya miaka thelathini, na Jumamosi ilikuwa siku ya kuwatembelea wagonjwa. Kazi hiyo ina taratibu zake. Huendi mikono mitupu: unabeba sukari, majani ya chai, mkate. Mnaimba wimbo mmoja, mnaomba, mnaondoka kabla hamjamchosha mwenye kitanda. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya mama majina ya wajukuu, lakini hilo haukuligusa. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza niliyopewa miadi ya kuangalia nyumba ya wazee, mama aliponiuliza tunakwenda wapi, nilisikia mdomo wangu ukijibu, "Kuwaona wagonjwa."

"Na unakwenda hivyo, mikono inaning'inia? Huko chuo kikuu walikufundisha nini?"

Tukapitia dukani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na chemchemi ya maji bustanini. Msichana wa mapokezi aliinama akamsemesha mama kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mama akampa sukari kwa mikono miwili. Kwenye gari akaniuliza, "Yule ndiye mgonjwa?"

Ya pili ilinuka kabeji iliyochemshwa tangu jana. Wazee walikuwa wameketi wakitazama televisheni iliyozimwa. Mama aliomba sana mle ndani, mpaka nikafungua jicho moja kuangalia saa. Tulipofika kwenye taa za kuongozea magari, ambazo huku tunaziita roboti, akasema, "Hawa hawana watoto?"

"Wanao."

"Wako wapi?"

"Kazini, mama."

"Mungu awasaidie," akasema, nami sikuthubutu kuuliza ni kina nani hao wa kusaidiwa. Gari la nyuma lilipiga honi. Roboti ilikuwa kijani.

Ya tatu ni hiyo ya Kensington, nyumba ya kizamani yenye baraza la sakafu nyekundu iliyong'arishwa. Katika chumba cha mwisho alilala bibi mmoja Mreno, na Kiingereza kilikuwa kimemtoka kichwani chote. Mama aliketi kando yake akamshika mkono. Mmoja alisema Kireno, mwingine Kiswahili, wakaelewana kuliko mimi na kaka yangu. Tulipotaka kuondoka yule bibi hakuuachia mkono.

"Huyu ni mgonjwa wetu," mama akaniarifu. "Jumamosi tunarudi."

Tulirudi Jumamosi hiyo, na zilizofuata. Nafasi haikuwapo, jina la mama nilikuwa nimeshaliandikisha, na kila tulipopita, sista msimamizi, kama huku wanavyomwita muuguzi mkuu, alinitazama kwa jicho la mtu tunayeshirikiana naye wizi. Kaka aliponipigia kuuliza, "Dada, mama mwenyewe anasemaje kuhusu hiyo nyumba?" nilimjibu, "Anapapenda." Ilikuwa kweli. Uongo wangu wote niliujenga kwa matofali ya kweli.

Nilijaribu kumwambia. Siku moja nilifika hadi "Mama, unajua ile nyumba," naye akanikatiza.

"Siku nikiugua mimi, utakuja?"

"Mama, si unaishi na mimi?"

"Nimekuuliza utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi usije mikono mitupu."

Simu ililia Alhamisi asubuhi. Mama alikuwa jikoni, anaifunga sukari ya Jumamosi kwenye mfuko, anaifungua, anaifunga tena. Sista msimamizi alisema chumba kimepatikana. Familia nyingine inasubiri, alihitaji jibu wakati uleule. Nikasema ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu anayekimbilia treni, na ndipo nikauliza ni chumba kipi.

"Kile cha mwisho," akasema. "Alifariki juzi, usingizini. Samahani, nilidhani mmeambiwa."

"Nani huyo?" mama akaita kutoka jikoni.

Nikaiziba simu kwa kiganja. "Ni kule kwa mgonjwa wetu."

"Anaendeleaje?"

Niliutazama ule mfuko mikononi mwake. Ndani ya kiganja changu sauti ya sista ilikuwa ikiuliza kama bado nipo, na nimlete mama lini.

"Si uwajibu watu?" mama akasema. "Waambie Jumamosi tunakuja."

Nikawaambia.